Ndoo Bado Inasema

Fundi Meno alikuwa na mgongo mzima kama nguzo ya simu, na kwa miaka miwili alikuwa akiusingizia maumivu.

"Ile ndoo siiwezi tena," alisema siku alipoacha kutengeneza bia. Mkewe akamjibu, "Pole, mume wangu," akaenda kumtafutia dawa ya kuchua. Wiki hiyo hiyo alimwona akitoka barabarani na mtungi wa gesi begani, anapiga mluzi. Jioni akamchua mgongo.

Kazi ya Fundi ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, katika chumba cha nyuma ya kliniki ambacho wagonjwa hawakuwahi kukiona. Alikaa na trei za meno yaliyopangwa kwa rangi, kuanzia meupe ya kujidai hadi ya njano ya mvuta sigara wa siku nyingi, kwa maana bibi kizee ukimpa meno meupe mno, wajukuu wanamwogopa. Ilikuwa kazi ya kimya. Bia ndiyo iliyokuwa maongezi yake. Siku za mapumziko alichemsha kimea jikoni, akatia maua makavu ya hopsi ili kipatikane kiuchungu, akapoza, akamimina kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, akatia hamira, akasubiri. Hakuuza hata chupa. Nyingine walikunywa yeye na mkewe, nyingine aliwapa majirani, ambao walishukuru upesi upesi, kama watu wasiotaka kuulizwa zaidi.

Tatizo ni kwamba bia ikitiwa kwenye chupa kabla haijamaliza kuchachuka, chupa hupasuka. Watengenezaji wengine wana kipimo cha kuwaambia imemaliza lini. Fundi hakuwa nacho. Alikuwa na pua ya mkewe.

Mkewe aliitwa Mama Haloo, kwa kuwa tangu usichana wake alipokea simu kwenye hospitali kubwa, na madaktari aliwatambua kwa pumzi kabla hawajatamka neno. Fundi alipohisi bia imeiva alifunua ndoo na kumwita. Alikuja akifuta mikono kwenye khanga, akainama, akafumba macho, akavuta pumzi. "Bado," alisema. Au, "Tia kwenye chupa." Hakuwahi kukosea. Na chupa ya kwanza ilipofunguliwa alionja na kutoa hukumu ambayo haikubadilika tangu waoane: "Inanyweka."

Kisha yakaja mafua. Yalipoondoka, yaliondoka na pua.

Hakumwambia mtu. Fundi aligundua asubuhi moja alipoingia sebuleni akamkuta anapiga pasi shati lake huku anasikiliza redio. Pasi ilikuwa imetulia mgongoni mwa shati, moshi unapanda taratibu mbele ya uso wake, naye anatikisa kichwa kwa taarifa ya habari. Fundi alirudi nyuma hatua chache, akakohoa kwa nguvu mlangoni, kisha akaingia upya. Alipofika, shati lilikuwa limekwisha kukunjwa na kufichwa. Walizungumza juu ya hali ya hewa.

Mgongo ulianza kumuuma siku hiyo. Alijua kwamba siku atakayomwita tena anuse, mmoja wao atalazimika kusema neno, na hakutaka awe mkewe.

Mambo yangebaki hivyo hadi kiama kama dada yake Fundi asingekuja kuomba ndoo. Alikuwa mama mnene, mcheshi, asiyejua kunong'ona.

"Wifi, ile ndoo ya pombe nipeni mimi niloweke nguo. Si imekaa tu stoo inazaa buibui?"

"Inatumika," alisema Mama Haloo.

"Na nani?"

"Na kaka yako. Mwisho wa wiki anapika."

Fundi, aliyekuwa chumbani akitafuta soksi, alikaa kitandani na soksi moja mkononi.

"Na mgongo?" aliuliza dada.

"Umepona."

Basi akapika. Mkewe alikaa jikoni akimenya vitunguu, akamkumbusha kuosha mrija, na mvuke wa kimea ulipotanda dirishani alisema, "Kama zamani," kwa sauti ambayo Fundi hakuweza kuipima. Kesho yake alipotoka kazini alipitia duka la vifaa vya maabara, akanunua kipimo: kijiti cha kioo kinachoelea. Muuzaji alimwambia, "Kikisimama pale pale leo na kesho, mzee, imemaliza hiyo." Alikificha ndani ya kopo la plasta ya meno.

Siku ya kumwita ilifika. Mama Haloo alikuja akifuta mikono, akasema, "Usifunue, inatosha hivyo." Akainama, akafumba macho, akageuza kichwa upande, shavu karibu liguse kifuniko. Fundi akadhani shingo imemkaza.

"Bado," alisema.

Alipotoka, Fundi alifunua, akazamisha kipimo. Kesho yake akakizamisha tena. Kilikuwa kimesimama pale pale. Akamwita mkewe.

"Bado," alisema Mama Haloo.

Fundi alimtazama anavyorudi sebuleni, ameinua kidevu kama mtu aliyefaulu mtihani, na moyo ukamuuma kuliko mgongo ulivyowahi kumuuma. Anabahatisha, aliwaza. Atasema bado, bado, mpaka bia iharibike, kisha ajilaumu. Kwa hiyo, mkewe alipokuwa kazini, aliitia nusu kwenye chupa, akazipanga nyuma ya kochi na kuzifunika kwa blanketi. Nusu aliiacha ndooni, ili mkewe awe na kitu cha kunusa.

Ilikuwa wiki ya baridi. Hamira, kama watumishi wa ofisi nyingi, ilikuwa imepunguza mwendo bila kuacha kazi. Jumapili iliyofuata jua likawaka, dada akaja kusalimia, akajitupa kwenye kochi.

"Kaka, hiyo pombe yenu iko wapi? Au mgongo umerudi?"

"Haijawa tayari," alisema Fundi.

Nyuma ya kochi kitu kikalia pwaa.

"Nini hicho?"

"Jirani," alisema Fundi.

Zikalia tatu kwa mpigo. Dada alisimama kwa wepesi ambao hakuna aliyemdhania, povu linamchuruzika shingoni hadi kiunoni. "Nimepigwa! Wifi, nimepigwa!"

"Ni bia tu, wifi."

"Bia gani inapiga watu kwa nyuma? Na inavyonuka jamani, kama kitambaa cha jikoni!" Alimgeukia kaka yake. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Leo nyuma ya kochi, kesho utazificha chini ya mto!"

Aliondoka amevaa gauni la Mama Haloo, linalombana, akiapa kwamba ndoo haitaki tena hata kwa kulipwa. Mume na mke wakabaki wanaokota vigae.

"Nilikwambia bado," alisema Mama Haloo.

"Uliniambia."

"Hukuniamini."

Fundi alichungulia chini ya kochi, ambako hakukuwa na kigae.

"Ulidhani pua yangu imekufa," alisema mkewe.

"Ndiyo."

"Imekufa."

Alitia vigae kwenye gazeti, akalikunja vizuri kama zawadi. "Na mgongo wako?"

"Mzima."

"Najua. Miaka miwili nauchua, hauna hata fundo." Akaliweka gazeti mezani. "Nilidhani umeacha kwa sababu huna haja na mimi tena pale ndooni. Nikasema, basi ngoja nione kama utaniita."

"Mimi nilidhani nakusitiri."

"Ulinisitiri mpaka nikawa mpweke, Fundi."

Fundi akauliza, "Sasa ulijuaje kwamba bado?"

Mkewe alimshika mkono akampeleka jikoni, akamwinamisha, sikio juu ya kifuniko. Fundi hakusikia kitu. "Sogea kushoto. Usipumue kama daktari wa zamu." Ndipo akasikia, mbali, kitu kama mtu anayekaanga samaki katika nyumba ya tatu.

"Ndoo bado inasema," alisema Mama Haloo. "Ikinyamaza nitakuita mimi."

Alimwita baridi ilipokwisha kabisa. Safari hii chupa walizijaza pamoja, mke akishika mrija, na zikapangwa juu ya meza, mahali pa kuonekana. Kopo la plasta lilirudi kliniki. Siku ya kufungua ya kwanza Fundi alimimina glasi mbili. Mkewe alionja, lakini macho yake yalimtazama mumewe juu ya ukingo wa glasi.

"Inanyweka," alisema.

"Umejuaje?"

"Nimekutazama uso. Ila ni chungu kuliko ile ya zamani, eti?"

"Kidogo."

"Niambie ikoje."

Fundi, ambaye maisha yake yote alizungumza na vinywa visivyo na watu, alifikiri sana. "Kama... ganda la mkate," alisema. "Lile la chini, lililoungua kidogo." Akaona haya.

Mama Haloo alifumba macho, kama alivyofanya zamani juu ya ndoo. "Enhe," alisema. "Endelea."

Ikabidi Fundi anywe tena, ili aweze kuendelea.