Mtalaka Haozwi kwa Kimya

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu walipofika Doha walipiga picha mbele ya kila jengo refu la Lusail, wakazituma nyumbani mpaka simu za mama zao zikajaa. Mimi picha yangu nimepiga na pazia. Nje jua, ndani kiyoyozi. Nilitoka kidato cha nne na alama ambazo mama alizikunja akazisukuma chini ya godoro, lakini hesabu hiyo hainishindi.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha na kupiga pasi kule Al Wukair, kwenye nyumba za rangi moja zilizozungushiwa ukuta. Ndani ya ukuta walikaa mafundi wa kigeni, waliotumwa kuwafundisha wanajeshi mitambo ambayo nchi yao iliiuza. Nilikuja kujua kwamba anayenunua ndege ya vita hanunui ndege peke yake. Hununua na vipuri, na makombora, na mwalimu, na nyumba ya mwalimu, na mtu wa kunyoosha shati la mwalimu. Ni mkia mrefu, na kwenye ncha yake nilikuwa mimi na ndoo yangu.

Mimi na dereva. Dereva wa basi letu dogo alikuwa Mwislamu wa Jinja, Uganda, mwenye shingo ndefu na subira ndefu zaidi. Akiniita nyabo, yaani bibi kwa heshima ya kwao, nami nikimrudishia ssebo, bwana. Kila mapumziko alikuja mlango wa nyuma wa jikoni na vikombe viwili vya karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki inayouzwa kila kona ya mji huu, tukanywa tumesimama. Siku moja hakuanza na salamu.

"Nyabo, mimi nataka kukuoa. Usicheke."

Nikacheka.

"Nimekwambia usicheke."

"Ssebo, Kiswahili chako kiende shule kwanza, ndipo wewe uje kuposa."

"Chako kilienda shule. Kikapata nini?"

Hapo nikakosa jibu, jambo ambalo kwetu Mombasa ni msiba. Nikanywa chai yangu, nikanyamaza. Nilikaa na kimya kile kwa wiki nyingi. Nilishaolewa mara moja, nikarudishwa kwa baba kama kiatu kisichomtosha mtu, na tangu hapo neno "ndoa" likitajwa hutazama mlango uko wapi.

Ndipo bunge likaingia.

Katika nyumba ya mwisho alikaa fundi mzee mwenye magoti mabovu, ambaye huacha televisheni ikisema peke yake. Siku hiyo nikipiga pasi nikaona ukumbi, meza ya nusu duara, na wazee wenye tai wakipeana zamu za kusema. Nikamwuliza ni mashindano gani. Akaniambia ni kamati ya bunge la kwao. Mkataba wa mafundi ulikuwa unaisha, na serikali yao ilitaka kuuza kundi jipya la silaha kwa nchi kadhaa za upande huu, humo humo na walimu wake. Lakini serikali hairuhusiwi kuuza mzigo mkubwa namna ile bila kuliarifu bunge.

"Sasa bunge likikubali, mnabaki?" nikamwuliza.

"Bunge haliulizwi kama linakubali," akasema, akisugua goti. "Linapewa muda wa kupinga. Muda ukiisha na halijapiga kura ya kuzuia, imepita."

"Wakinyamaza tu?"

"Wakinyamaza tu."

Jioni ile dereva aliniambia mwenyewe, akiwa ameshika usukani na basi limesimama. Mudiri, yaani meneja, alishamwita. Mimi kampuni ya usafi ingenipeleka nyumba nyingine, madirisha hayaishi duniani. Yeye aliajiriwa kwa ajili ya mafundi wale. Wakiondoka, khalas, ni ndege ya Entebbe.

Kuanzia hapo nikawa mfuasi wa kamati. Asubuhi yao ni jioni yetu, kwa hiyo nikitoka kazini nikaoga, nikapanda kitandani na simu. Mwenzangu wa chumba, binti wa Nakuru aliyefanya kazi ya dobi palepale, alikuwa akijipodoa aende kutembea Corniche, kando ya bahari, na wengine.

"Wewe nawe! Watu wanawatch tamthilia za Waturuki, we uko kwa bed na wazee wa tai?"

"Hii nayo ni tamthilia."

"Na nani anapendana na nani hapo?"

Nikamwambia hakuna. Lakini alikuwepo mmoja niliyempenda. Mama mzee, mbunge, miwani imening'inia kwenye mnyororo, sauti kama mlango wa stoo. Zamu yake ilipofika alimwuliza ofisa wa serikali swali moja: tukishauza, nani anakwenda kuangalia zimemwangukia nani? Ofisa akajibu kwa sentensi ambayo ungeweza kuanikia nguo. Mama akamsubiri amalize.

"Sijakuuliza utaratibu. Nimekuuliza nani anakwenda."

Mwenyekiti akamwambia muda wake umekwisha. Yule mama akatangaza kwamba ataleta hoja ya kuzuia, akavaa miwani, akakusanya vitu vyake. Nyuma yake viti vingi vilikuwa vitupu. Na mimi, niliyepaswa kumwombea ashindwe ili dereva wangu abaki, nilikuwa nimekaa wima kitandani nikimpigia makofi.

Kesho yake dereva alikuja na karak na uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Nyabo, ile sheria ya bunge uliyonieleza nimeipenda. Ukinyamaza, umekubali. Sasa wewe umenyamaza muda gani? Mimi naenda kuandika harusi."

"Ssebo, hiyo ni sheria ya mwari."

"Ya nani?"

"Ya bikira. Wakienda kumwuliza idhini, akiinamisha kichwa akanyamaza, kimya chake kinatosha, maana ana haya. Mimi ni mtalaka. Mtalaka lazima atamke. Muulize shehe yeyote."

Akakuna shingo ile ndefu. "Kwa hiyo kimya chako si kitu?"

"Si kitu."

Nilisema kwa kumdhihaki, lakini neno lenyewe likanifuata hadi kwenye pasi. Kola ya fundi nusura iungue. Dini imeona kwamba mwanamke aliyekwisha kuonja ndoa asiozwe mpaka afungue kinywa, kwa sababu anajua kinachoweza kutokea baada ya pilau. Na wale wazee wameuza silaha mara ngapi? Wao ni bikira wa nini? Mimi wa ndoo nisitoke kwa kimya, makombora yatoke?

Na chini ya hasira hiyo, nikaona jambo jingine ambalo lilinitia baridi kuliko kiyoyozi. Na mimi nilikuwa nangoja. Bunge likizuia, mwanamume ataondoka na sitalazimika kusema lolote. Likipitisha, nitajikuta nimebaki naye. Nilikuwa nimewaachia watu wasionijua waniamulie, na hata wao walikuwa hawasemi.

Muda wa bunge ulikuwa unaisha Jumatatu. Ijumaa, baada ya swala, nikavaa buibui na kandambili nikashuka. Mwenzangu wa Nakuru alikuwa ngazini.

"Unatoka nje? Kwani kuna moto?"

Dereva alikuwa akiosha basi kwenye maegesho, mpira wa maji mkononi, jua likitutwanga sote.

"Zima maji," nikamwambia.

Akazima.

"Yule mama wa bunge, nataka ashinde."

Alipangusa kioo cha pembeni, kikawa safi, akakipangusa tena. "Akishinda mimi naenda Entebbe."

"Najua."

"Kaka yangu mkubwa alikanyaga kitu kilichozikwa huko kaskazini kwetu, zamani," akasema. "Mpaka leo hatujui kilitengenezwa wapi. Mguu ulienda, risiti haikubaki." Akakunja kitambaa. "Mimi pia nataka ashinde, nyabo. Lakini nataka na kubaki. Mungu afanye vile anajua."

Nikaona nikikaa kimya dakika moja zaidi nitarudi juu.

"Basi sikiza. Nasema leo, kabla ya Jumatatu, wasije wakasema ndio walionioza. Ukibaki, nimekubali. Ukienda, nimekubali, na nitakufuata, ingawa unajua safari na mimi."

"Rudia."

"Mtalaka husema mara moja."

"Maji yalikuwa na kelele, sikusikia."

"Maji umezima!"

"Kweli? Rudia."

"Nimekubali!"

Dirisha la juu likafunguka. "Tumeskia hadi huku, mathe!" akapiga kelele binti wa Nakuru. "Sasa rudi kwa AC, utayeyuka!"

Jumatatu ikapita. Hoja ya yule mama haikupigiwa kura, na hakuna aliyesema neno. Fundi mzee alinipa habari akitabasamu, nami nikampigia shati lake pasi, mikono miwili ikiwa na furaha na moyo usijue ukae wapi. Mpaka leo haujajua vizuri.

Tuna chumba chetu mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, juu ya duka la viungo. Ijumaa mume wangu huvaa viatu, husimama mlangoni, akanisihi twende hata kona tu. Huona nilivyojikunja na simu, huvua viatu, akaenda kuchemsha karak.

"Mama yetu anasema nini leo?"

"Anauliza."

"Wamemjibu?"

"Wamemwambia muda wake umekwisha."

"Ataomba mwingine," husema, akanisogezea kikombe, akaniambia nimpishe na yeye aone.