Bawa la Kwanza

Nakumbuka jioni moja kule Izimbya, nimeshika kichupa cha spiriti mkono mmoja, na mkono wa pili umeshikwa na bibi yangu, kanibana hasa, utadhani hakuwa mgonjwa.

Mwanangu, watu wanacheka nikikuita hivyo kwa sababu mimi mwenyewe sijafika mbali kiumri. Waache wacheke. Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, na siku utakapojua kusoma, hadithi hii ni yako.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na kusubiri ni kitu nisichokiweza. Daktari Kemilembe, mama mmoja wa Muleba anayefundisha mambo ya wadudu chuoni, akanichukua nimsaidie kukamata wadudu wa mitoni. Ndipo kwenye kijito cha chini ya kibanja cha migomba cha Bibi tukapata mdudu ambaye Daktari alimtazama, akamtazama tena, akasema, "Huyu hana jina. Sijamwona kwenye kitabu chochote."

Usifikiri ukishampata imeisha. Tuliowapata walikuwa wachanga, wanaishi majini, wana mikia mitatu. Ili wataalamu wakubali kwamba ni spishi mpya, wanamtaka dume aliyekomaa, mwenye mabawa, maana alama zenyewe ziko kwake. Basi tukawalea kwenye ndoo, nyuma ya jiko la Bibi, juu tumefunika chandarua. Mvua zikaja, kijito kikajaa tope, hata maji ya kuwabadilishia yakawa shida. Wakafa wote akabaki mmoja, kwa bahati dume.

Na Bibi naye moyo ulikuwa umechoka. Hospitali walikuwa wametuambia ukweli, siku zake si nyingi. Daktari Kemilembe alikuwa ameniahidi kwamba mdudu ataitwa kwa jina la Bibi, na mimi nilitaka jina hilo liandikwe Bibi akiwa hai, alisikie. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka duniani.

Jioni hiyo Daktari yuko Muleba, anatafuta kama wapo na kwenye mito ya huko. Mimi nainua chandarua, namkuta yule wetu katoka majini, kakaa ukingoni mwa ndoo, ana mabawa! Ila yana ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Daktari alishanionya: wadudu hawa huota mabawa mara mbili. Akitoka majini bado hajamaliza, atajivua ngozi tena, mpaka ya kwenye mabawa. Usimguse. Lakini nikawaza, sisimizi wakimbeba? Akianguka akafa? Bora nusu kuliko bila. Nikafungua kichupa.

"Unafanya nini na huyo?" Bibi akaniuliza. Alikuwa ametoka kuota jua la mwisho, sikumsikia akija.

"Namhifadhi, Bibi."

"Amemaliza kuvaa?"

"Bado. Ila muda..."

Akanishika mkono. "Wewe ukiona bawa tu unaona kikaango. Huyu si senene wa kuliwa, waitu!"

Nikacheka, halafu nikalia. Nikamwambia yote, jina, ahadi, na kwamba naogopa hatawahi kulisikia.

"Kwani nani kakwambia mimi nina haraka?" akasema. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ukimuua leo utanipa jina la kitu ambacho hakijawa. Lete kigoda."

Tukakaa. Giza lilipoingia tukamwingiza, pamoja na ndoo na chandarua chake, chumbani kwa Bibi, yeye mwenyewe ndiye aliyetaka.

Asubuhi akaniita kwa sauti ya msichana. "Njoo uone, anavua!" Mdudu akajitoa kwenye ngozi yake, mabawa yakabaki safi kama kioo, na lile ganda jeupe likabaki limesimama pembeni kama nguo iliyosahauliwa kambani. Bibi akapiga vigelegele, hafifu, akakohoa, akapiga tena.

Daktari aliporudi alimweka kwenye spiriti kwa mkono wake, akamwambia Bibi, "Sasa anaweza kuitwa kwa jina lako."

Bibi akakataa. "Mimi nimezaa, nina wa kunikumbuka. Kijito hakina mtoto wa kukitetea, na huko juu wanataka kupanda mikaratusi ikinywe. Mpe jina la kijito."

Nilimkasirikia, nakwambia kweli. Bibi alifariki kabla maandishi ya Daktari kuhusu mdudu huyo hayajatoka, na yalipotoka jina lilikuwa la kijito, kama alivyotaka. Lakini mwanangu, kile nilichokuwa nakiwahi kwenye karatasi nilikuwa nimeshakipata: nilikaa naye, tukaangalia kitu kimoja, akafurahi.

Kwa hiyo sikia. Ukimpenda mtu, mwambie leo. Hilo usilisubirishe hata kidogo. Ila kitu kinachokua kiache kimalize kukua, hata kama roho inakuwasha, hata kama haraka yako ni ya upendo. Upendo ukikimbia sana nao huharibu. Kawia ufike.

Mungu akupe mabawa yako yote mawili, la ukungu na la kioo, na akupe mtu wa kukushika mkono katikati yake. Ukue salama, mwanangu.