Kitumbua cha Bibi Anjelina

Juzi wanangu wawili walizua ugomvi getini, nikatoka mbio kuwaamua. Niliporudi jikoni, wa tatu alishamaliza vitumbua vyote. Harufu ya iliki ikanikumbusha Bibi Anjelina, jirani yetu wa Temeke, aliyepigania uhuru wa Msumbiji.

Alasiri moja nikiwa mtoto, yeye akikuna nazi nami nikila vitumbua, alinisimulia jinsi yeye na wenzake walivyovamia ghafla kambi ya wakoloni darajani, kisha wao wenyewe wakakimbia.

"Pole, bibi. Kumbe mlishindwa."

"Tulitaka watufuate," alijibu. "Huku nyuma, watoto na mama zao wakavuka daraja."

Mie nilisikia kukimbia tu. Nikamwonea huruma, nikampa kitumbua changu cha mwisho. Alikipokea kwa uso wa huzuni, akakila chote.

Leo najua bibi yule alishinda mara mbili: kule darajani, na kwenye kitumbua changu.