Aliyewekwa Mwisho kwenye Orodha

Kwa miaka ishirini na tisa Vaileth alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya wasanifu majengo kule Themi. Alipostaafu, wasanifu wachache wa zamani walimwomba akusanye, kwa ajili ya kitabu, habari za maisha ya wenzao waliowatangulia kazini, wale wazalendo wa kwanza waliochora shule, zahanati na makanisa baada ya uhuru. Kazi ilimfaa. Alijua kila jalada lilipolala, na hakupenda jina la mtu liandikwe ovyo.

Orodha yake ilikuwa na majina kumi na manne. Alianza na waliosoma ng'ambo, wenye vyeti ukutani na picha walizopiga wamevaa tai. Wa mwisho kabisa alikuwa Elisaria Sifaeli, mzee wa Kimeru aliyeishi mlimani juu ya Usa River, katikati ya migomba na kahawa yake. Hakuwa na shahada. Kwenye makaratasi ya ofisi aliitwa mchora ramani, basi.

Mzee mwenyewe ndiye aliyempigia simu.

"Mwanangu, njoo. Ramani zangu ziko kwenye sanduku la bati. Lakini zenyewe hazisemi, lazima nizisemee."

"Nitakuja, baba. Nawamalizia kwanza wa Dar es Salaam."

Akapiga tena wakati wa kuchuma kahawa, na tena karibu na Pasaka. Vaileth alimjibu vilevile, kwa adabu, kisha akarudi kwenye kompyuta yake. Hakuwa na neno naye. Alimwona tu kama mtu wa ukurasa wa mwisho, na ukurasa wa mwisho aliamini ungemsubiri.

Mwezi wa kumi na moja alifungua jalada la marehemu Nathanael Yiamat, msanifu maarufu ambaye Vaileth alikwisha kumwandikia kurasa sita. Ndani alikuta mchoro wa kwanza wa kanisa lililompa Yiamat sifa nchi nzima. Chini ulikuwa umesainiwa E. Sifaeli. Pembeni Yiamat alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Elisaria, wazo lako ndilo tutakalojenga." Vaileth aliusoma mstari ule mara tatu, kisha akavua miwani.

Kesho yake asubuhi alikuwa uani kwa mzee. Alipokewa na Marta, binti wa mzee.

"Karibu, mama. Ila umechelewa kidogo. Baba alipata kiharusi mwezi wa nane. Kusikia anasikia, lakini maneno hayatoki."

Mzee alikuwa ameketi kitandani, blanketi magotini.

"Shikamoo, baba," alisema Vaileth.

Midomo ilihangaika, marahaba haikutoka. Akainua mkono wa kushoto.

Walifungua sanduku. Zilikuwamo ramani ishirini na moja, safi, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina la jengo. Mzee aligonga kidole juu ya dirisha refu katika mojawapo.

"Ma... ma..."

"Makumira?"

Akatikisa kichwa.

"Machame? Ni ya masista?"

Akatikisa tena, kwa nguvu, mate yakimtoka, mpaka akachoka na kugeukia ukutani. Marta alimfuta kinywa, akaikunja ramani taratibu.

"Tumwache apumzike. Mwaka huu mwanzoni alikuwa akiongea mpaka tunamwomba anyamaze." Akamsindikiza Vaileth hadi njiani, na hapo akaongeza, bila ukali, "Kila Jumamosi alikuwa ananyoa ndevu. Alisema huenda mgeni wake wa kitabu akaja."



Vaileth alirudi mara tano. Kwa kukisia na kutikisiwa kichwa, walitambua majengo mawili tu. Mzee akafariki kabla ya masika. Vaileth alizipunguza kurasa za Yiamat, ijapokuwa familia yake ilinuna, na kanisa lile akaliandika kwa jina la Elisaria. Zilizobaki, ramani kumi na tisa, aliziorodhesha moja moja, na mbele ya kila moja akaandika: jengo halijulikani.

Mhariri alipoona, alishauri ziondolewe.

"Mama, ukurasa mzima wa 'halijulikani'? Msomaji atafaidi nini?"

"Ziache," alisema Vaileth. "Alikuwa anajua yote. Mimi ndiye ambaye sikwenda."