Mchanga wa Chini ya Jiwe Kubwa

Sisi tuliokulia mji wa Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, hatukufundishwa maji na mtu mwenye filimbi shingoni. Wa rika langu mnakumbuka. Tukishamaliza kubeba mihogo ya mama, mashati chini, tunakimbia mchanga ukituunguza nyayo. Miwani ya maji hatukuijua. Unafumbua macho humohumo, unaona samaki wadogo wa njano wanachungulia kwenye mawe kama watoto walioona mgeni.

Anayeanza, anaanzia maji ya kiuno, halafu kifua. Akiwa tayari anapelekwa kwenye Jiwe Kubwa, si mbali na ufuko, azame mpaka chini alete mchanga ndani ya ngumi. Wa chini ni mweusi, una vipande vya konokono. Wa ufukoni ni mweupe. Mkubwa wenu anakufungua vidole kimoja kimoja, wote wanaangalia. Mama alikuwa anasema, "Maji hayamwonei haya mwongo."

Kwetu mkubwa nilikuwa mimi. Mdogo wangu Mmunga, miaka minane, wenzake walishamchoka: eti kuku, akanywe maji kwenye sahani. Siku moja akaibuka ngumi juu, anasema amefika. Niliona mchanga mweupe unachuruzika kati ya vidole. Nikamwonea huruma. Sikumfungua ngumi. Nikasema, "Amefika."

Bon. Mwaka uliofuata vita vikashuka mpaka ufukoni. Jirani yetu Songolo, mwenye pirogi ya moteri, mtumbwi wa injini, namtaja kwa jina na sijutii, alipakia magodoro yake na mbuzi wawili, akamwambia mama hakuna nafasi. Leo nasikia yuko ng'ambo, Shively, kule Louisville, anaimbisha kwaya. Aimbe tu.

Risasi zilipokaribia nikawaambia watoto tuzame, tupite kwenye uwazi ulio chini ya Jiwe Kubwa, tutokee upande wa ziwa, hawatatuona. Nikamuuliza Mmunga kama ataweza.

"Kaka, si ulisema nimefika?"

Tulizama saba. Tukatokea sita.

Sasa na mimi niko ng'ambo, mji wa Buffalo, West Side, kazi yangu kiwandani Tonawanda. Watoto wa siku hizi mvua ikidondoka wanatafuta mwamvuli, ziwa wanaliangalia kwenye simu. Kiangazi cha 2015 binti yangu Neema akaniletea cheti cha kuogelea, pamoja na karatasi nisaini aende na wenzake kuzama kwenye mawe ya ziwa Erie. Nikauliza walimpima namna gani. Akaanza kwa Kiingereza, akamalizia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Papa, kila mtu alipewa."

Kila mtu. Nikakataa kusaini. Alilia siku mbili, mama yake akasema mimi moyo wangu uligeuka jiwe. Donc, basi, Jumamosi nikampeleka ziwani mwenyewe. Miwani, viatu kama miguu ya bata, nguo ya mpira mpaka shingoni, utafikiri anakwenda mwezini. Nikasimama pale kina kinapoanzia, maji kifuani, yeye mbele yangu. Akazama, akarudi mikono mitupu. Akazama tena, mitupu, analia kwa hasira. Mara ya tatu akaibuka ngumi juu.

Nikamfungua vidole kimoja kimoja. Mchanga wa chini, baridi, una vipande vya kome.

Nilisaini palepale, karatasi ikalowa. Zamani hatukuwa na cheti, tulikuwa na mchanga. Leo cheti kipo, mchanga hakuna anayeuuliza. Songolo nitamlaumu mpaka kaburini. Lakini ngumi ya Mmunga si Songolo aliyeacha kuifungua.