Mji Juu ya Meza ya Chai

Jirani yangu, mwanafunzi wa jiografia, hawezi kunywa chai hapa Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, China, bila kujenga mji. Ni mji uleule kila siku, mji mdogo wa soko huko Uingereza anaouandikia tasnifu na ambao hajawahi kuukanyaga. Vidole vyake virefu humwaga mchuzi wa soya taratibu mpaka uwe mto, hulaza kijiti kiwe daraja, halafu hupanga maandazi meupe ya mvuke ng'ambo: hao ni kondoo, wameletwa gulioni. Birika ndilo kanisa. Akiondoa kifuniko kuonyesha mnara ulivyoangushwa na radi, mhudumu huja mbio kujaza maji, maana Guangzhou birika likiwa wazi linaomba maji. Naye hucheka kama ndiyo mara ya kwanza. "Chai ipo! Ni mnara tu umeanguka!"

Jana Mama Eugénie, anayenunua nguo za kupeleka Lubumbashi, alinyoosha mkono achukue andazi. "Ngoja, Mama, kondoo huyo hajauzwa!" jirani akapiga kelele. Hapo simu yake ikalia. Akasoma ujumbe. Nikajua ni viza ya Uingereza, maana mara mbili walimkatalia. Akachukua kikombe chake kidogo, akakiweka mwanzo wa daraja.

"Na huyu ni nani?" Mama Eugénie akauliza.

"Ni mimi, Mama. Wamenipa. Naingia mjini."

"Basi kuja uniuzie ule kondoo. Niko na njaa."