Mwanangu Kachagua Hoteli ya Hedaru

Admin, naomba unifichie jina, maana Same ni mji mdogo na wateja wangu wengi wanafuata huu ukurasa. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, fundi cherehani. Wazazi wangu walikuja huku kukata mkonge, nikazaliwa hukuhuku bondeni, nikaolewa na Mpare wa milimani. Nilimkuta na binti wa miaka miwili ambaye mama yake alimwacha akaenda Dar. Huyo binti nimemlea mimi. Nimemsuka, nimemuuguza, vikao vya wazazi shuleni nimekaa vyote. Ananiita mama, na wadogo zake wawili niliowazaa hawajui tofauti yoyote.

Jumamosi hii anatimiza miaka kumi na nane. Tangu akiwa kidato cha pili nilimwahidi kwamba siku hiyo sitapika. Tutavaa tupendeze, tutoke familia nzima tukale chakula cha jioni hotelini kama watu. Nadhani niliisubiri siku hiyo kuliko yeye.

Basi nikaanza kutafuta hoteli. Nikampeleka kwenye ile yenye bustani hapa mjini, akasema upepo utatujazia vumbi kwenye keki. Sawa, upepo wa Same tunaujua. Nikapendekeza bwawani Nyumba ya Mungu tukale samaki, baba yake anawapenda, akasema ni mbali. Nikamwonyesha mahali wanapouza piza, pana taa za rangi na wenzake wanakwenda kupiga picha, akakataa. Mtoto gani wa siku hizi anakataa piza? Mwisho akaniambia, huku anaangalia chini, kwamba anataka Hedaru, kwenye hoteli moja ya barabarani.

Nilicheka, halafu nikakasirika. Nikamuuliza kama tunavaa magauni ili tukale na mautingo wa malori. Baba yake, ambaye hata soksi zake huniachia mimi nichague, siku hiyo akawa na maoni. Akasema siku ni ya mtoto, nimwache achague. Hapo ningetakiwa kushtuka, lakini mimi nikishapandisha hasira huwa sisikii vizuri.

Jumanne nikapanda basi nikaenda Hedaru kuiangalia hiyo hoteli mwenyewe, nirudi na sababu za kuikataa. Nilizipata. Viti vya plastiki, vitambaa vya meza vimepauka, na kila gari kubwa likipita honi zake unazisikia hadi kwenye sahani. Nikaagiza makande. Yalikuwa matamu, na hilo likaniudhi zaidi. Nikaomba kuonana na mpishi. Akaja mwanamke wa umri wangu, kanga kiunoni. Nikamwambia chumvi imezidi, nikamwambia meza zao hazifutwi, na kwamba binti yangu anataka kuja hapa kusherehekea miaka kumi na nane lakini mimi siwezi kukubali. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Meza ya Jumamosi nilishaitenga, dada," akasema. "Ni ile ya ndani, mbali na barabara."

Sikuwa nimemtajia Jumamosi. Nikamtazama vizuri usoni, nikauona mwanya. Ni mwanya uleule wa binti yangu, ambao wakwe zangu miaka yote wananiambia kaurithi kwa bibi yao. Nikaondoka sahani haijafika nusu.

Jamani, nilirudi Same moja kwa moja. Nikamkalisha mume wangu, akasema yote. Yule mwanamke alirudi kutoka Dar mwaka jana, akapata kazi ya kupika pale, akaomba namba ya mtoto kupitia kwa wifi yangu, na wamekuwa wakiongea. Mume wangu alijua tangu mwanzo. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akajibu aliogopa nitakasirika. Haya, sasa nimekasirika, na nimeaibika pia. Nimemsimanga mtu jikoni kwake kwa chumvi ambayo wala haikuzidi.

Binti hakukana. Alivuta kigoda akakaa karibu na cherehani yangu.

"Mama, hapa ni kwako, siwezi kumleta," akaniambia. "Na yeye Jumamosi yuko zamu, haruhusiwi kutoka. Nataka nile mara moja chakula alichopika, ila na wewe uwepo."

 Kisha akauliza swali linaloninyima raha mpaka sasa.

"Nikikata keki, nianze kumlisha nani?"

Nyote mnajua kwenye sherehe zetu kipande cha kwanza ni cha nani.  Nilijifanya natafuta mkasi.

Nasema ukweli wangu hapa kwa kuwa hamnijui: sitaki kulishwa wa pili. Najua nasikika mbaya, lakini miaka kumi na sita si mchezo. Na nikimwambia aanze na mimi, nitamtazamaje yule mwanamke niliyemtolea maneno yote yale, naye alikuwa keshatutengea meza mbali na barabara? Nikisusa, mwanangu atakwenda na baba yake, na siku niliyoisubiri miaka yote hii itapita mimi nimekaa nyumbani na hasira zangu.

Leo ni Alhamisi. Gauni lake nalishona mwenyewe na limebaki zipu tu, lakini tangu Jumanne nimelitelekeza makusudi. Asubuhi nimemkuta kalivaa hivyohivyo, mgongo wazi, anajiangalia kwenye kioo. Akaniomba nimshikie kwa nyuma aone litakavyomkaa. Nikamshikia. Akatabasamu na ule mwanya wake, akasema, "Mama, hujanijibu."

Wenzangu mliolea watoto msiowazaa, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Zipu nitaitia. Lakini nimwambie aanze na nani?